Nahamia chumba na sebule hapa Tabora: sofa kitanda na kitanda cha droo ni msaada au mtego?

#1 MwalimuWaIpuli
Habari za jioni wakuu.

Mwisho wa mwezi nahama. Natoka nyumba ya vyumba vitatu hapa Ipuli, naenda chumba na sebule maeneo ya Cheyo. Watoto wako bweni, nyumba nzima nimebaki mwenyewe, kila Jumamosi nafagia vyumba ambavyo hakuna anayevikanyaga. Ile tofauti ya kodi nataka iingie kwenye kiwanja.

Chumba ni futi 10 kwa 10, sebule 10 kwa 12. Choo kiko ndani, jiko ni kikorido cha nyuma. Sasa nilichonacho: sofa la kona la watu saba, meza ya chakula na viti sita, vitanda vitatu (changu ni 6 kwa 6), kabati la mninga la milango minne aliloniachia mama, shokesi, friji, na masufuria ya kulisha msiba.

Fundi mmoja ananishawishi niuze vyote anitengenezee samani za kazi mbili mbili: sofa linalogeuka kitanda, kitanda chenye droo chini, meza ya kukunjia ukutani, na stuli zenye mfuniko za kuhifadhia vitu. Dada yangu aliye Kigoma anasema nisithubutu, sofa kitanda halimalizi mwaka, ameyaona yakifa kwa macho yake.

Kwa nini hayadumu? Ni mbao, ni fundi, au ni sisi tunavyoyatumia? Na likizo wanarudi wawili, wa kiume miaka 16 na wa kike 13. Lazima walale mahali.

#2 EmbeBolibo
Uza kona kesho asubuhi. Mengine tutajadili jioni.

#3 RandaNaMsumeno
Mwalimu, mimi ni fundi, niko Isevya. Nimeshafungua sofa kitanda nyingi za kurekebisha na ugonjwa karibu kila mara unakuwa kwenye maungio. Mtu anachukua bawaba za mlango wa kabati, anazifunga kwa skrubu za inchi moja, halafu anataka zibebe watu wawili wanaogeuka usiku kucha. Skrubu inang'oka, tundu linapanuka, mwenye nalo anajaza njiti za kiberiti na gundi, wiki mbili linarudi pale pale.

Zipo fremu za chuma za kukunja zinazotoka nje, hizo ni imara, ila huku uagize Dar au Mwanza na bei yake utakaa chini kwanza. Kama huna hela hiyo, mwambie fundi wako akutengenezee la kuvuta. Chaga za sehemu ya juu na za sehemu ya chini zinapishana kama vidole, unavuta sehemu ya chini inatoka mbele, mto wa mgongo unaushusha kujaza nafasi. Halina bawaba hata moja. Kisichokuwepo hakiharibiki.

Ukimwambia hivyo akakunja uso, tafuta fundi mwingine.

#4 MwishoWaReli
Fundi hapo juu anatetea kabila lake. Bawaba zinasingiziwa, shida ni mbao mbichi. Mti unapasuliwa Jumatatu, Jumamosi ni kochi, Jumatatu nyingine liko sebuleni kwako. Huko kwenu mvua ni Novemba mpaka Aprili, halafu kiangazi kinakausha kila kitu mpaka midomo. Mbao iliyopasuliwa kwenye mvua ikifika Agosti imesinyaa, maungio yanacheza, skrubu haina kitu cha kung'ata. Bawaba yoyote utakayofunga hapo itang'oka.

Mimi nipo Kigoma, Katubuka. Dada yake mwalimu anasema kweli.

#5 RandaNaMsumeno
@MwishoWaReli nakupa nusu. Mkaratusi na msindano mbichi ndivyo vinavyokuadhibu hivyo, mkaratusi hasa, unajikunja mpaka droo inagoma kufunga. Mninga husinyaa kidogo sana, ndiyo maana wazee waliupenda. Ila na wenyewe unataka ukaushwe kivulini kwa subira, na subira siku hizi haina mteja. Mteja anakuja na harusi ya wiki ijayo.

#6 NyukiMkali
Mnabishana kuhusu mbao, mtu analalia sponji. Kwangu fremu ipo mpaka leo, nzima, haijalia hata kidogo. Kilichokufa ni sponji. Sofa kitanda linakaliwa mchana kutwa na kulaliwa usiku, yaani sponji haipumziki. Ukikaa pale katikati unagusa chaga.

Sponji inapimwa kwa uzito wa kilo kwa mita ya ujazo. Ya kukalia inatakiwa iwe 28 au 30 kwenda juu. Nyingi zinazowekwa kwenye makochi ya mtaani ni nyepesi kuliko hapo, na ukishashonewa kitambaa utajuaje? Kanunue sponji mwenyewe, umpelekee fundi.

#7 BintiGungu
Nyie wote mnakwepa ukweli. Sofa kitanda linakufa kwa sababu ya uvivu wetu. Wiki ya kwanza unalikunja kila asubuhi, unapanga na vimito. Wiki ya tatu linabaki limekunjuliwa siku nzima, mgeni anakuja anakaa kwenye shuka lako. Mwishowe una kitanda kibaya sebuleni na huna sofa.

Mwalimu, jiulize swali moja tu: utaamka saa kumi na moja ukunje kitanda kabla ya kipindi cha kwanza?

#8 EmbeBolibo
@BintiGungu huu ni ushuhuda au ni utafiti?

#9 BintiGungu
Nyamaza.

#10 MhenguziWaMji
Salaam. Niongeze la pembeni kidogo. Marekani kuna watu wengi wanahamia nyumba ndogo kwa makusudi, wanaziita kwa jina maalumu na wana vipindi vya televisheni. Kanuni zao za mfano za ujenzi za 2018 zinahesabu nyumba kuwa ndogo ikiwa na futi za mraba 400 kushuka chini, bila kuhesabu kile kidari cha kulalia juu. Mwalimu chumba chako ni 100, sebule 120, jumla 220. Weka choo na korido, bado hujafika 300. Kwa hesabu yao wewe unakwenda kuishi kwenye nyumba ndogo kweli kweli. Kwa hesabu ya Cheyo unahamia chumba na sebule tu, na jirani yako ana watoto wanne humo humo.

Ninachotaka kusema, wenzetu wanaanza na nyumba ndipo wanachora samani zinazoingia humo, mpaka ngazi inakuwa kabati. Sisi tunaanza na samani za nyumba ya zamani halafu tunazilazimisha. Hata ukitengeneza sofa la kazi tano, ukiingiza na shokesi na meza ya watu sita umerudi pale pale.

#11 KijanaWaGongoni
Wamarekani wanalipia kozi kuishi kama mimi 😂

Dada mimi nakushauri achana na mninga, chukua MDF, zile mbao za kiwandani za unga wa mbao uliogandamizwa. Nyepesi, unahamisha mwenyewe, bei nafuu, rangi unachagua.

#12 RandaNaMsumeno
@KijanaWaGongoni rekebisha hapo. MDF si nyepesi. Mita ya ujazo ya mninga mkavu ni kama kilo 640. MDF inacheza kwenye 700 mpaka 800. Inaonekana nyepesi kwa sababu mnatengenezewa na ubao mwembamba na mgongo wa hadibodi. Pia skrubu yake ni ya mara moja, ukifungua kuhama na kufunga tena haishiki vizuri. Na maji ya kudeki yakiigusa chini inavimba. Mtu anayepanga, anayehama hama, MDF ni hasara, labda iwe ya kuning'inia juu ukutani.

#13 KijanaWaGongoni
Sawa fundi, lakini mninga bei gani sasa hivi? Kitanda cha 5 kwa 6 chenye droo nimeambiwa laki sita na nusu. Na miti yenyewe inatoka hapa hapa Urambo, Kaliua, Sikonge. Tunalala juu ya mbao na bado tunauziwa kama tuko Masaki.

#14 MzeeWaMiombo
Kijana, mninga mpaka utoe mbao ya maana ni miaka mingi sana, umri wa babu yako. Na kuutoa msituni kuna kibali, kuna ushuru, na kuusafirisha lazima uwe na hati ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Ukiuziwa mninga kwa bei ya msindano, jua kuna mmoja hapo katikati hajalipa, au si mninga. Siku hizi wanapaka vanishi nyekundu mti wowote. Kata kidogo kwa chini utazame moyo wa mti.

Ushauri kwa mwalimu: kabati la mama yako usiliuze. Ukilitoa hulipati tena.

#15 MwalimuWaIpuli
Asanteni. Shikamoo mzee #14. Kabati siuzi, hilo tulimalize. Shida yake ni kubwa, linachukua ukuta karibu wote wa chumba, na sijui kama litapita mlangoni.

@BintiGungu swali lako la saa kumi na moja limeniuma, sijibu.

#16 MwishoWaReli
Kabati la zamani mwalimu linafunguka. Angalia kwa ndani kwenye kona, utakuta bolti au kabari za mbao. Mafundi wa zamani walijua watu wanahamishwa vituo.

Na tusitishane. Meli yetu ya Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa Ujerumani 1913, ikaja kwa vipande ndani ya maboksi maelfu, ikaunganishwa hapa Kigoma. Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916 wasimwachie adui, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Meli nzima. Kabati la milango minne likushinde?

#17 EmbeBolibo
Watu wa Kigoma mtu akiuliza habari ya stuli mnamleta Liemba. Reli ilifika Tabora 1912, kwenu 1914. Habari zote zinawafikia miaka miwili baadaye.

#18 MwishoWaReli
Ilipofika Tabora ilikuwa inapita tu kuja kwetu. Endelea na mada.

#19 MamaChandarua
Jamani mnajadili bawaba na sponji, hakuna aliyetaja chandarua. Mimi ni muuguzi. Utafiti wa malaria wa 2017 mkoa uliokuwa juu kuliko yote kwa maambukizi ya watoto chini ya miaka mitano ni Kigoma, kama asilimia 24. Ule wa 2022 Tabora ndiyo ikakaa juu, asilimia 23. Yaani mikoa miwili inayobishana humu ndiyo yenye mbu.

Sasa kitanda kinachokunjwa kila siku, kinachotoka mbele kwenda katikati ya sebule, chandarua utafunga wapi? Nimeona nyumbani kwa watu: chumbani kuna neti nzuri, sebuleni kwenye sofa kitanda kijana analala hivi hivi, eti neti inaharibu sebule. Halafu anayeugua ni yule yule.

Kabla fundi hajapima sofa, apime misumari minne ya neti kwanza.

#20 RandaNaMsumeno
Dada muuguzi hilo nakiri wateja huwa hawaulizi. Linawezekana. Unaweka kulabu nne darini, mchana neti inakusanywa juu kwenye kona moja na kamba. Lakini lazima sofa likishavutwa lifike pale pale kila siku, usilihamishe hamishe.

#21 KijanaWaGongoni
Au neti ya mwavuli, ile ya duara. Kulabu moja.

#22 MamaChandarua
Ya duara kwenye kitanda cha futi 5 ukinyoosha mkono unagusa neti, mbu anakuuma kwa nje. Ya pembe nne ni bora ukiwa na nafasi.

#23 SharifuWaUjiji
Assalaam aleikum. Nimesoma kurasa zote, nimecheka. Vijana mnahangaika na sofa kitanda kumbe tulikuwa nacho. Kitanda cha kamba, teremka tukaze. Mbao nne, miguu minne, kamba za ukindu. Ujiji nilikulia juu yake. Usiku kinalaliwa, asubuhi mtu mmoja anakibeba anakitoa uani, kinawekwa chini ya mwembe, wanawake wanachambulia mchele, jioni wazee wanakalia kucheza bao. Mgonjwa akizidiwa anabebwa juu yake. Mtu akifa anaoshewa juu yake. Nyumba ilikuwa ndogo na hatukuona ndogo kwa sababu mchana vitu vyote vilikuwa nje.

Chumba cha mwalimu hakijawa kidogo. Ni kwamba siku hizi tunaishi ndani.

#24 EmbeBolibo
Mzee hapo kwenye kuoshea maiti umeniharibia usingizi kwenye kitanda cha droo.

#25 NyukiMkali
Shikamoo Sharifu. Ila Cheyo ya kupanga utatoa kitanda uani, uani pa nani? Kuna wapangaji sita, kamba za nguo, na kuku wa mwenye nyumba.

#26 SharifuWaUjiji
Marahaba. Basi kuku watapata pa kukaa.

#27 FundiSimuWaKanyenye
Kuhusu kitanda cha droo, nina hesabu. Chumba cha 10 kwa 10 ni futi za mraba 100. Kitanda cha 5 kwa 6 kinakula 30. Droo zikivutwa upande mmoja zinataka futi 2 za wazi kwa urefu wote wa kitanda, hapo 12 nyingine. Ukitaka uvute na kuchutama ili uchague nguo, ongeza. Kabati la mama lina kina cha futi 2, na milango yake ikifunguka inataka nafasi ya mbele. Maana yake droo na milango ya kabati vinagombania njia ile ile. Utakuwa unafunga kimoja ndipo ufungue kingine, kila siku, ukiwa umechelewa.

Na kitanda chako cha 6 kwa 6 mwalimu, usijadiliane nacho, kinakula 36. Unalala peke yako.

#28 BintiGungu
Kwani lazima alale peke yake?

#29 EmbeBolibo
Uzi umeanza sasa.

#30 MwalimuWaIpuli
Turudi kwenye samani tafadhali.

#31 MzeeWaMiombo
Badala ya droo, weka kitanda cha kuinua: chaga zote zinanyanyuka kwa upande wa miguuni, chini ni sanduku moja kubwa. Halihitaji nafasi pembeni. Ile mitambo ya gesi ya kusukuma ipo, lakini hata bila gesi, mtu anainua na kuegesha kijiti. Humo unaweka vitu vya mara moja kwa mwaka: mablanketi, sare za zamani, vitabu.

#32 NyukiMkali
Na harufu. Mzee niliwahi kuwa nacho. Ukifungua kinanuka kama stoo ya tumbaku. Chini hakuna hewa, sakafu ya sementi inapandisha unyevu wakati wa mvua, nguo zinapata ukungu.

#33 MwishoWaReli
Hiyo harufu ni mbao mbichi. Nimesema tangu mwanzo.

#34 RandaNaMsumeno
Hiyo harufu ni vanishi iliyopakwa ndani na kufungiwa kabla haijakauka. Ndani ya sanduku hapapakwi kitu, na chini unatoboa matundu.

#35 NyukiMkali
Kwangu hakikupakwa vanishi ndani na matundu yalikuwepo.

#36 RandaNaMsumeno
Basi mbao mbichi. 🙂

#37 MamaChandarua
Au panya. Hamjasema panya.

#38 KaliuaMpya
Mimi nitasema mchwa. Watu wa Tabora mnajua, kitu chochote kinachogusa sakafu na ukuta kwa pamoja ni daraja la mchwa. Kitanda cha sanduku kimekaa chini mzima mzima, hakina miguu, huoni kinachoendelea nyuma. Unakuja kuinua siku moja unakuta udongo umepanda, vitabu vimeliwa katikati vimebaki majalada. Moyo wa mninga mchwa haupendi, ila ile mbao nyeupe ya pembeni anaila vizuri tu, na mafundi wengi wanaichanganya humo kwa sababu haionekani chini.

Samani yoyote ya nyumba ndogo iwe na miguu, hata inchi 4, ufagio upite, taa ya simu ipite, uone. Meza ya ukutani sawa, inaning'inia. Sanduku la chini hapana.

#39 SharifuWaUjiji
Teremka tukaze ina miguu.

#40 KijanaWaGongoni
Paka oili chafu ya gari kwenye miguu, mchwa haji.

#41 MamaChandarua
Na wewe utalala juu ya oili chafu chumba kisicho na dirisha la pili. Hapana. Oili ni ya nguzo za uzio.

#42 FundiSimuWaKanyenye
Turudi kwa watoto wa mwalimu, naona wamesahaulika. Wa kike 13 analala na mama chumbani, hilo halina mjadala. Chini ya kitanda cha mama panaweza kuwa na kitanda cha kuvuta chenye magurudumu, godoro la inchi 4 la 3 kwa 6. Mchana linaingia chini. Hapo ndipo nafasi ya chini ya kitanda inapata kazi, kuliko droo za nguo za zamani. Wa kiume analala sebuleni.

Kitanda cha deka, kile cha ghorofa, sikushauri. Kwanza wana jinsia tofauti. Pili, kile cha juu kama nyumba haina dari, Oktoba ya Tabora na bati lile, mtoto ataiva.

#43 BintiGungu
Kijana wa miaka 16 kwa wiki chache za likizo anahitaji sofa kitanda la nini? Godoro. Unaliviringisha, unalifunga kamba, linasimama nyuma ya mlango. Wajapani nao wanalala chini, asubuhi godoro linakunjwa linaingia kabatini, na hakuna anayewaita maskini. Laki kadhaa za sofa kitanda kwa likizo mbili za mwaka ni kumtajirisha fundi.

#44 RandaNaMsumeno
Fundi naye ana watoto.

Lakini dada #43 hesabu yako ina kitu. Mteja akija kwangu huwa namuuliza kitalaliwa mara ngapi. Kama ni kila siku, sitengenezi kitu cha kukunja, natengeneza kitanda. Kama ni mara chache, cha kukunja kinadumu. Hivi vitu vinakufa kwa kukunjwa kila siku na mtu mwenye haraka.

#45 MwishoWaReli
Kwa hiyo tumetoka kwenye bawaba, tukaja kwenye mbao, sponji, uvivu, sasa ni haraka. Mbao mbichi bado ninayo.

#46 MhenguziWaMji
Kuna jambo la mwenye nyumba. Meza ya kukunjia ukutani inataka kutoboa ukuta. Mwalimu umemuuliza? Wengine hawataki hata msumari wa kalenda. Na ukuta wenyewe ni wa nini? Tofali za kuchoma au blok zinashika bolti. Tofali mbichi iliyopigwa plasta, meza itashuka na kipande cha ukuta na uji wa watu.

Wale Wamarekani wana kitanda cha kusimamisha ukutani, mtu mmoja wa San Francisco anaitwa Murphy alikitengeneza mwanzoni mwa karne iliyopita, mchana kinasimama ndani ya kabati. Kizuri sana. Lakini kinategemea ukuta ulio wako.

#47 KaliuaMpya
Meza ya kukunja ipo isiyogusa ukuta. Ina mabawa mawili, katikati ni kikabati chembamba cha inchi 10 chenye miguu. Ukiifunga inakaa pembeni kama kimeza cha maua. Ukifungua bawa moja mnakula wawili, ukifungua yote mnakula wanne. Nimeiona Tabora mjini kwa mafundi, si kitu cha ajabu. Viti vyake ndiyo zile stuli zenye mfuniko.

#48 EmbeBolibo
Stuli zenye mfuniko zina kasoro moja. Ukitaka kutoa kitu lazima umwambie mgeni asimame.

#49 MwalimuWaIpuli
Nimerudi. Leo nimekwenda na futi. Mlango wa mbele una upana wa inchi 32, wa chumbani inchi 30. Kabati kina chake ni inchi 23, linapita kwa ubavu likivuliwa milango, na bolti nimeziona, asante #16. Dari ipo, ya gypsum. Mwenye nyumba anasema ukutani nitoboe ila nikihama nizibe na kupaka rangi.

Wazo lililonijia: kabati nisiliegemeze ukutani. Nilisimamishe sebuleni, katikati ya upande mmoja, nyuma yake kijana apate kijisehemu chake cha kulala. Mbele yake ni sebule. Chumbani nibaki na kitanda kidogo na cha kuvuta. Fundi unaonaje?

#50 RandaNaMsumeno
Hilo ni wazo la mtu aliyepima. Mgongo wa kabati utaonekana, kwa hiyo upigwe plaiwudi ya maana, uongezwe kulabu za begi na nguo za kijana. Na lifungwe juu kwenye dari au kwenye ukuta kwa chuma cha pembe, kabati la mninga likimwangukia mtu tunazungumza lugha nyingine. Gypsum yenyewe haishiki, tafuta mbao ya dari iliyo juu yake.

#51 FundiSimuWaKanyenye
Sebule ni 10 kwa 12. Ukikata futi 2 za kabati na futi 3 za godoro, inabaki sebule ya 10 kwa 7. Kona ya watu saba hapo ni ndoto.

#52 NyukiMkali
Na upepo. Dirisha likibaki upande wa kijana, sebule inakuwa tanuri. Likibaki sebuleni, kijana ndiye anayechemka. Weka kabati lisifike darini.

#53 BintiGungu
Godoro nyuma ya mlango. Nimemaliza.

#54 MamaChandarua
Kijisehemu hicho kina faida moja, neti inafungwa inabaki. Kura yangu ipo kwa kabati.

#55 MzeeWaMiombo
Masufuria ya msiba je? Hujasema. Hayo peke yake yanataka chumba.

#56 MwalimuWaIpuli
Yanakwenda kwenye kikundi chetu cha akina mama, kuna chumba cha mwenyekiti wanatunza vyombo. Nikihitaji nachukua. Meza ya chakula imepata mtu, shokesi nimempa binamu. Sofa kitanda bado sijaamua. Nimekwenda kuliona moja kwa fundi, kule #47 alikosema, nikalala juu yake dukani, mtu mzima. Lile la kuvuta ni zuri, ila lilikuwa na harufu.

#57 MwishoWaReli
Harufu gani?

#58 MwalimuWaIpuli
Sitaki kusema.

#59 MwishoWaReli
Mbao mbichi!

#60 MgeniWaMwanga
Samahani kuingilia, nami nipo Kigoma, Mwanga. Chumba kimoja 10 kwa 10, mke, mtoto wa miaka miwili, na cherehani ya mke ndiyo inayolipa kodi. Hatuna pa kulia chakula, tunakula kitandani. Nifanyeje?

#61 RandaNaMsumeno
Cherehani ya miguu? Kama ni ile ya kizamani yenye meza, kichwa kinalala ndani, unafunika ubao juu, unapata meza bapa. Hiyo ni samani ya kazi mbili kabla hatujazaliwa. Nunua stuli mbili tu.

#62 SharifuWaUjiji
Marehemu mama alifanya hivyo. Funika kitambaa kizito kwanza, vinginevyo mafuta ya cherehani yanahamia kwenye ugali.

#63 MgeniWaMwanga
Kichwa hakiingii, tulibadilisha tukaweka cha umeme, kimesimama juu. Na mke hataki kiguswe.

#64 KaliuaMpya
Basi futi 10 kwa 10 zote ni za mke. Pima mlango wa nje, una upana gani, na nje kuna kibaraza?